Mwalimu Anayedakia Maneno

Mwalimu wa Kiingereza wa darasa la watu wazima hatulii, utadhani kakalia siafu. Mguu unagonga sakafu, chaki inahama mkono huu kwenda ule, na mwanafunzi akikwama kidogo tu, yeye keshammalizia sentensi. Leo anafundisha maneno ya kusaidia. "Help linafaa popote," anasema, akifuta ubao usio na kitu. "Assist, mwenye kazi anaendelea na kazi yake, wewe unamshikia tu. Rescue, mwenyewe keshazama." Mama mmoja dobi, ambaye kesho ana usaili wa kazi ya kuhudumia wagonjwa, anasimama kujieleza kwa Kiingereza. Anakwama, mwalimu anadakia. Anaanza tena; anadakiwa tena. "Mwalimu wangu," anasema taratibu, "kwani mimi nimezama?" Darasa linaangua kicheko. Mama hacheki. "Maana kesho kwenye usaili nitakuwa peke yangu."

Mwalimu anaketi, anaikalia mikono yake yote miwili. Mama anaanza upya. Katikati ya sentensi ananyamaza, na kimya kinarefuka. Mguu wa mwalimu unatetemeka chini ya meza. Midomo yake imekwisha kuliunda neno. Anaing'ata. Mama anapata neno jingine, si lile, lakini linatosha, naye anaendelea.