Mirusho Mitatu ya Shangazi

Mkono wa kulia wa Shangazi ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, na wasiomjua walidhani ni kwa sababu ya kukanda unga. Hakuwasahihisha. Bekari yetu ina mashine ya kukandia, lakini mikate ya kusokotwa, ile inayogombaniwa asubuhi, tunaikanda kwa mikono juu ya meza ndefu ya mbao, na nafasi ya Shangazi ilikuwa ile ya karibu na tanuri, ambayo wengine tuliikwepa kwa joto lake. Alilinyanyua donge la unga, akalibwaga mezani, puu! mpaka trei zikacheza, ndipo akaanza kusimulia. Simulizi zake zote zilihusu Olimpiki.

“Enzi zile za Wagiriki wa kale,” alituambia, “mke wa mtu alikuwa haruhusiwi hata kuchungulia michezo. Akikamatwa, anasukumwa kutoka juu ya jabali.”

“Kwa kuchungulia tu?” aliuliza mama mmoja mgeni kazini, ambaye kazi yake ilikuwa kuipaka mikate siagi.

“Kwa kuchungulia tu. Na wanaume wenyewe wanakimbia uchi wa mnyama.”

Yule mpaka siagi akatua mwiko wake, akafikiri kidogo. “Mimi ningechungulia. Hilo jabali tungelijadili baadaye.”

Tulicheka mpaka msimamizi akatoa kichwa ofisini. Shangazi alingoja kicheko kipoe, kisha akaendelea na habari ya mjane mmoja aliyekuwa na mwana bondia. Mume amekufa, na kijana hana wa kumsimamia, basi mama akavaa mavazi ya kiume, akajifanya mwalimu wa mazoezi, akaingia. Kijana akashinda. Mama naye kwa furaha akajisahau, akauruka uzio, na uzio ukamvua siri yake mbele ya watu. Wakamsamehe, kwa kuwa baba yake na kaka zake na sasa mwanawe wote walikuwa mabingwa. “Lakini tangu siku hiyo,” Shangazi alimalizia, “hata walimu wa mazoezi wakaamriwa waingie bila nguo.”

Hayo yote hakuyapata shuleni. Aliyapata kwenye kambi ya wanariadha wa taifa, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa, alipokuwa binti mwembamba mwenye mkono wa ajabu. Alichaguliwa kurusha mkuki kwa niaba ya nchi yake kwenye Olimpiki. Kocha wao alikuwa mwalimu wa historia, na kila baada ya mazoezi ya jioni aliwakalisha wanariadha wake kwenye nyasi akawapa darasa. “Huwezi kuingia nyumba ya watu bila kujua imejengwa na nani,” aliwaambia. Akawaeleza jinsi michezo ya kale ilivyodumu karne na karne, halafu mtawala wa Kirumi akapiga marufuku ibada za miungu ya zamani, na michezo ikafa pamoja nazo. Mafuriko na matetemeko yakaufukia uwanja mpaka wakulima wakawa wanalima juu yake bila habari. Ikapita miaka kama elfu na mia tano. Ndipo Mfaransa mmoja mwenye masharubu mazito akaanza kuzunguka akiwashawishi wakubwa kwamba michezo irudi. Wengi walimpigia makofi kwa adabu, wakaenda zao. Hakukata tamaa, na mwishowe dunia ikakutana Athene. Mbio ndefu kuliko zote zikachukuliwa na mbeba maji, mtu wa kawaida kabisa.

“Na sisi wanawake?” Shangazi alimuuliza Kocha siku hiyo.

“Hakuwapo hata mmoja. Mfaransa wetu alitaka kina mama wakae jukwaani wapige makofi. Yasemekana mama mmoja fukara aliikimbia njia ile ile peke yake kesho yake, wakamzuia asimalizie uwanjani. Mlango wenu ulifunguliwa kidogo kidogo.”

Akifika hapo katika simulizi, Shangazi alitunyooshea kidole chenye unga. “Na mkuki wa wanawake uliingia mwaka gani?”

“Thelathini na mbili!” tulijibu kwa sauti moja kama watoto wa darasa la kwanza.

Kilichompata baadaye hakukisimulia mezani. Nilikisikia nyumbani kwake, kutoka kwa mumewe, na mumewe alikijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote kwa sababu ndiye aliyekuwa akiendesha basi.

Sote twamwita Dereva, hata Shangazi mwenyewe. Siku hizi anaendesha gari la kusambazia mikate. Wakati huo alikuwa kijana wa shirika la mabasi, na alipewa kazi ya kuwapeleka wanariadha uwanja wa ndege. Anasema hajawahi kubeba abiria wenye kelele vile. Wameshona suti za rangi moja, wanaimba, wanapigana vibao vya mgongoni, na mikuki ya binti mmoja imefungwa juu ya paa kwa kamba kama fimbo za pazia. Nusu ya njia, pikipiki ikawapita na kuwasimamisha. Ofisa akashuka, akapanda basini, akanong’ona na Kocha. Kocha akakaa chini kabla ya kusema neno.

Nchi kadhaa zilikuwa zimesusia michezo ile kwa jambo zito, kupinga ubaguzi wa rangi, na nchi yetu ilikuwa imejiunga nazo asubuhi hiyo. Hakuna atakayekwenda. Dereva akaamriwa ageuze.

“Nikageuza,” alinisimulia. “Umewahi kugeuza basi lililojaa watu walionyamaza? Usukani unakuwa mzito kama umefungwa jiwe.”

Walipofika kambini wote walishuka isipokuwa binti wa mikuki. Alibaki kwenye kiti chake, uso mbele, begi mapajani. Kocha akaja, akabembeleza, akaondoka. Dereva alitakiwa kurudisha basi kituoni, lakini alizima injini akakaa naye, yeye kwenye kiti cha mbele, binti kwenye cha katikati. Jua lilikuwa likiwaka, madirisha wazi.

Mwishowe binti akasema, “Wewe huna kazi?”

“Kazi yangu ni kuendesha. Siasa siijui. Lakini wakiniambia nigeuze tena, nitageuza kwa furaha, hata kama petroli haitoshi.”

Binti akacheka, kisha akalia, kisha akashuka. Juma lililofuata Dereva akapita kambini kuuliza kama kuna mtu aliyesahau kitu basini. Hakukuwa na kitu kilichosahauliwa. Shangazi alijua hivyo, na bado alitoka kwenda kuangalia.

Nilimuuliza Shangazi mara moja kama aliichukia ile amri. Alikuwa akichambua mboga, na hakuacha. “Sababu ilikuwa ya haki, mwanangu. Lakini haki nayo huuma. Na anayeumwa ana ruhusa ya kusema ‘aa!’”

Michezo mingine ikaja, lakini wakati huo alikuwa na mimba, halafu mtoto mchanga, halafu wakatokea wasichana wapya wenye kasi. Akaingia bekari. Akabaki huko mpaka nywele zikawa rangi ya unga wenyewe.

Basi juzijuzi, wakati uwanja mkubwa wa mji ulipokarabatiwa, watu wawili wa shirikisho la riadha walikuja bekari wakimtafuta. Mmoja alikuwa bwana mwenye tai, mwingine dada mpole aliyekuwa akiogopa unga usimrukie suti. Tulisogea wote tusikie. Bwana akaeleza kwamba siku ya ufunguzi wataalikwa wale wa kikosi kilichozuiwa safari, wote walio hai. Watavaa sare mpya, watatembea mzunguko mmoja mbele ya watu, watavishwa nishani.

“Tutatembea,” Shangazi akarudia.

“Ndiyo, mama. Polepole tu.”

“Mimi sikuchaguliwa kwa kutembea.”

Bwana akatabasamu, akidhani ni utani. Yule mpaka siagi akanigusa ubavuni kwa kiwiko. Sisi tuliujua ule uso.

“Sasa ungependa nini, mama?” aliuliza yule dada.

“Kurusha. Mara tatu, kama kwenye mashindano. Na mwamuzi wa kweli mwenye vibendera, na tepu ya kupimia.”

“Mama yangu, kwa umri huu—” bwana akaanza.

“Umri wangu naujua, nimekaa nao muda wote.” Akalibwaga donge, puu! na dada akaruka nyuma. “Olimpiki yenyewe ililala miaka elfu na mia tano, ikaamka. Mimi nimelala kidogo tu.”

Waliondoka wakisema watashauriana. Kumbe dada mpole ndiye aliyekuwa na sauti huko ofisini, maana baada ya siku chache akapiga simu: wamekubali, na wanamletea mkuki wa mazoezi.

Nyumbani Dereva alifoka. Alisema atavunjika bega, atavunjika nyonga, atavunjika vyote viwili, na yeye hawezi kumsukuma mtu kwenye kiti cha magurudumu kwa goti alilo nalo. Shangazi akamwachia amalize. Asubuhi ya siku ya mapumziko nikawakuta kwenye kiwanja kitupu nyuma ya ghala la saruji. Shangazi amevaa suruali ya mwanawe, na Dereva amesimama kule mbele, mikono kiunoni, akingoja.

Dereva akawa ndiye mwokota mkuki. Ulipotua aliufuata kwa hatua zake za kuchechemea, akauchomoa, akaurudisha, na kila mara alisema, “Umesogea.” Mara nyingi ulikuwa haujasogea hata kidogo. Shangazi alijua, nami nilijua, na hakuna aliyemkatalia. Wakipumzika, alimsugua bega kwa dawa ya kuchua yenye harufu kali, na wao wawili wakabishana kama paka: kiwiko kiko chini, hakiko chini, wewe umejulia wapi kiwiko, mimi nimeuangalia mkono huu maisha yangu yote.

Siku ilipofika uwanja ulijaa. Wazee wa kikosi walitembea mzunguko wao, na Shangazi alitembea nao, kwa sababu alisema hawezi kuwanyima wenzake heshima yao. Mmoja alikuwa na fimbo, mwingine alishikwa na mjukuu. Kocha alikuwa amekwisha kufariki. Walibeba picha yake. Kisha wengine wakaketi, na mtangazaji akasema kuna mwanariadha aliyeomba kumalizia kazi yake. Watu wakapiga makofi, wengine wakacheka, si kwa ubaya.

Dereva alikaa karibu nami jukwaani. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Mrusho wa kwanza Shangazi alikuja kwa kasi nisiyoitarajia, akarusha, na mguu ukavuka mstari. Kibendera chekundu. Wa pili mguu ulitii, lakini mkuki uliyumba hewani ukaanguka kwa tumbo, ukalala kwenye nyasi kama nyoka mvivu. Chekundu tena, maana ni lazima ncha itangulie kugusa ardhi. Makofi sasa yalikuwa yale ya huruma, na nadhani hayo ndiyo yaliyomuudhi. Bwana mwenye tai akamwendea, akamshika kiwiko kwa upole. Hatukusikia alichosema, lakini dada mpole alitueleza baadaye.

“Inatosha mama, umetufurahisha sana.”

“Sikuja kufurahisha. Nina mmoja.”

Akaenda kusimama mwanzo wa njia, na akakaa pale kwa muda mrefu. Dereva alifumba macho. “Niambie wewe,” akanong’ona.

Alianza kwa hatua fupi, zikarefuka, mkono ukaenda nyuma kabisa, na kwa kitambo kidogo sikumwona Shangazi yangu, nilimwona binti nisiyemjua. Mkuki ukatoka umenyooka. Haukwenda juu sana. Ukainama, ukachoma ardhi, ukasimama ukitetemeka.

“Umechoma!” nilipiga kelele. “Dereva, umechoma!”

Kibendera cheupe. Uwanja mzima ulisimama. Waamuzi wakavuta tepu kwa uzito wote wa kazi yao, wakasoma, na mtangazaji akataja umbali ambao msichana yeyote wa mazoezi angeupita bila kutoa jasho. Shangazi alisikiliza, akauma mdomo. “Upepo ulikuwa wa mbele,” alimwambia mwamuzi. Halafu akakaa pale pale kwenye nyasi, akajifunika uso.

Dereva alishuka jukwaani ngazi moja moja, akazunguka mpaka langoni, akaruhusiwa kupita. Nilimfuata.

“Umeumia?”

“Bega.”

“Sana?”

“Sana. Nipe mkono.”

Alimvuta, goti likamkataa, na nusura waanguke wote wawili mbele ya halaiki. Wazee wa kikosi walikuwa wamekwisha kuja, wakawashika, wakawa kundi moja la watu wenye sare mpya wanaocheka na kufutana machozi kwa mikono ya mashati.

Bega lilimweka nyumbani wiki kadhaa. Aliporudi bekari alikatazwa kukanda, akapewa kiti, jambo alilolichukia, na kazi ya kuhesabu mikebe ya kuokea, aliyoichukia zaidi. Hakuhesabu chochote. Alitusimulia. Na sisi tuliokuwa tumezoea kusikiliza tulianza kuuliza maswali mengine: mkuki unashikwaje, hatua zinapangwaje, mtu aliyenenepa anaweza?

Sasa kila siku ya mapumziko tuko nyuma ya ghala la saruji, wanawake saba wa bekari, na Dereva akiwa bado mwokotaji, ingawa siku hizi hulalamika kwamba tunarusha kila upande isipokuwa mbele. Jumapili iliyopita mkuki wangu ulipaa, ukageuka, ukatua kwenye kamba ya nguo za jirani na kutoboa shuka. Mwenye shuka akatoka amefura. Shangazi alikwenda kumtuliza mwenyewe, tukawaona wakizungumza ukutani kwa muda mrefu, mikono ya Shangazi ikienda huku na huku. Alirudi akiwa na mama yule nyuma yake, amekunja mikono ya gauni.

“Anataka kujaribu,” Shangazi akasema. “Mpisheni.”