Ncha Iliyokunjwa

Fundi cherehani wetu, Bi Sindano, alipojitolea kwenye mradi wa kulinda wanyamapori, tulimcheka. Mtu mzima na magoti yake mabovu, anafuata nini porini? Wala hakujali. Kila Jumamosi alikwenda na wenzake kung'oa mitego ya waya, na akirudi, mumewe alimwekea maji ya moto ya kukandia magoti huku akimuuliza, "Wiki ijayo mnapita upande gani?" Naye alimwambia kila kitu. Mume anayejali hivyo utampata wapi?

Jumamosi iliyopita walikuta swala amenaswa, ameshakufa. Bi Sindano alipoinama kuufungua waya pale mtini, aliona ncha yake imekunjwa kwa ndani na kugongwa kwa nyundo, isimchome mtu. Mtegaji gani anahangaika na jambo kama hilo? Alimjua mmoja tu anayefunga hivyo. Nyumbani kwake nguo huanikwa kwenye waya, na tangu waya huo ulipomchoma Bi Sindano kiganja, mumewe huikunja kila ncha namna hiyo hiyo.

Jioni alikaa kukanda magoti kama kawaida, na mumewe akamuuliza lile swali lake la kila wiki.

"Wiki ijayo tunapita bondeni," alijibu.

Mumewe akaweka birika chini. "Bondeni usiende, mke wangu, utaumia. Nakuomba."

"Na wenzangu je?"

Mumewe akainua birika, akamwongezea maji ya moto taratibu, asije akamuunguza.