Mwana Zume Avishwa Miwani ya Jua

Bi Hanifa wa Msambweni, mjane wa Mwalimu Abdurahman na mwenyewe mwalimu mstaafu, alikingoja kitabu kile kama watu wanavyoungoja mwezi wa Idi. Majirani alikwisha kuwatangazia: hekaya za mabibi wa kale, alizozirithi kwa mama mkwe wake, zinachapishwa. Mwandishi ni Twaiba wa Bongwe, mwanafunzi wake wa zamani, aliyekuja barazani na simu ya kurekodia, akala vitumbua, akashukuru kwa adabu zote.

Kitabu kikafika. Kwenye jalada, Mwana Zume, mmoja wa mabibi wa hekaya hizo, amevaa miwani ya jua.

Bi Hanifa naye akavaa yake ya kusomea. Mwana Zume anayemjua yeye aliketi mlangoni kwa mfalme, kimya, hata mabinti wa mfalme wakatoka mmoja mmoja wakaketi naye, na mfalme kwa haya akamfungulia kaka yake aliyekuwa gerezani. Huyu wa Twaiba hana nafasi ya kuketi. Anaomba miadi, anajieleza kwa kujiamini, mfalme anamwajiri awe mshauri wake wa biashara. Mwisho wa sura yapo mafunzo ya mafanikio. La kwanza: jipende. Mashallah.

Yote hayo angeyameza. Kilichomkwama kooni ni ukurasa wa shukrani: "Kila neno humu nimelipokea kwa Bi Hanifa."

Kwao hadithi haianzi bila kumtaja uliyeipokea kwake. Msimulizi akikosea, anayejua humrudisha papo hapo, mbele za watu. Anayejua akanyamaza, amekubali.

"Hanifa, shoga," jirani yake Mwanapili akamwita juu ya ua, "kumbe marehemu mama mkwe wako alikuwa bingwa wa biashara! Mbona sisi alitufundisha kusuka ukili tu?"

Bi Hanifa akaingia ndani. Alinyoosha buibui lake la kutokea.

Uzinduzi ulikuwa hotelini Diani. Mshereheshaji, Elijah, kijana wa bara, akawaamkia kina mama wa Msambweni: "Niaje, wasee!" Wakamtazama mpaka akakumbuka shikamoo. Twaiba akasimama, akamtaja Bi Hanifa kwa heshima, akafungua kitabu.

"Mwana Zume akaingia kwa mfalme, akasema, 'Nina wazo—'"

"Rudi!"

Sauti ilikuwa ile ile ya darasani. Twaiba akatabasamu, akarudia kwa madaha zaidi.

"Rudi! Hakuingia. Aliketi."

"Mlangoni!" akadakia Mwanapili, na safu nzima ya kina mama ikaitikia.

"Watu wameshika moto!" Elijah akafurahi.

"Na kaka yake yuko wapi?" Bi Hanifa akauliza.

Twaiba akafunua kurasa, mbele, nyuma. "Mwalimu, huyo... nilimpunguza, hadithi isiwe ndefu."

"Umempunguza hadithini. Gerezani bado yumo."

Kicheko kilipotulia, Twaiba akamkabidhi kipaza sauti. Bi Hanifa akamtaja mama mkwe wake, akaisimulia tangu mwanzo, bila haraka, hata kaka akafunguliwa.

"Hiyo sasa ndiyo ya kwao," Mwanapili akawaambia waliokuwa nyuma, na Bi Hanifa akasikia.

Mlangoni Twaiba akamfuata, macho chini. "Lakini mwalimu, vitabu vimeshachapishwa."

"Nimeviona, mwanangu. Vinang'aa. Njoo Ijumaa baada ya swala, tuanze upya. Simu iache Bongwe, uje na masikio. Vitumbua vipo."