Pamba Kwenye Tundu la Flashi

Kwa muda mrefu nimewaambia watu wa Bariadi kwamba niliiponya kompyuta yangu kwa kusasisha kiini cha Linux, mfumo wa bure unaoiendesha. Nimelisema hadi kwenye semina, miwani ikiwa puani. Si kweli. Niliiponya kwa pini ya nywele.

Flashi iliyokataa kusomeka ilikuwa na sauti ya marehemu baba akiwaita ng'ombe wake kwa majina wakirudi zizini. Nakala nyingine hatuna. Jumamosi ndugu wangekusanyika kwa mama, kijijini Sola, kutimiza mwaka tangu tumzike, na mama aliomba kitu kimoja tu: amsikie.

Nikaichomeka. Kimya. Nikaihamishia tundu la pili. Kimya. Nikaandika lsusb, amri ya kuorodhesha vilivyochomekwa. Ikanitajia kamera na kila kitu ila flashi. Nikafungua kumbukumbu za mfumo kwa dmesg, nikazisoma mstari kwa mstari kama daktari anayeitazama eksirei asiyoielewa. Flashi ilikuwa inaingia kwa shida, haifiki mwisho, lakini mtu mwenye shahada mbili haangalii tundu. Anaangalia kiini.

Mdogo wangu, mwalimu kule Lagangabilili, alikuja kuona nimefikia wapi.

"Dada, huo mfumo wako wa bure umemmeza mzee."

"Haujammeza. Haujamtambua."

"Basi kesho uwaeleze wajomba hivyohivyo."

Alipoondoka, asubuhi hiyo ya Ijumaa, nikampigia mama kumwambia nimeshindwa.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Baba yako yuko tayari?"

Nikamweleza habari za kiini, kwa kirefu. Akaniacha nimalize.

"Ile pamba uliyonyofoa kwenye gunia langu wakati wa mavuno, ukazibia matundu ya kompyuta vumbi lisiingie. Uliitoa?"

Niliisokomeza mwenyewe kwa ncha ya kalamu, mbele ya shangazi zangu, huku nikiwahutubia juu ya utunzaji wa mitambo.

Nikachomoa pini kichwani. Pamba ikatoka, nyeupe, daraja la kwanza. Flashi ikaingia hadi mwisho, taa yake ndogo ikawaka. Nikaifungua sauti, nikaisogeza simu kwenye spika.

Baba akakohoa, akaanza kuita.

"Anaanza na yule mwekundu," mama akasema. "Kila siku alianza na yule."

Nikataka kumweleza dmesg ilivyoandika sasa.

"Nyamaza, ng'wana wane. Hajamaliza."