Mama Anayewalisha Vimelea wa Malaria

Saa moja asubuhi, Mlezi anafungua kabati la joto la maabara na kuwasalimu waliomo: “Hamjambo, wanaharamu?”

Ni vimelea wa malaria. Kazi ya mama huyu ni kuwalisha damu ya binadamu kila siku, hata sikukuu, ili watafiti wapate wa kujaribia dawa. Ndiyo maana wenzake wanamwita Mlezi. Malaria hiyohiyo ilimchukua kifungua mimba wake.

“Wifi yangu alipojua, alidondosha sufuria,” anasema. “‘Wifi, unamlisha aliyetuulia mtoto?’ Nikamwambia, hata jogoo wa kuchinjwa hulishwa.”

Leo anachungulia kwenye hadubini safu ya vimelea iliyotiwa majimaji ya bakteria aliyetoka kwenye udongo wa nyuma ya kinu cha nafaka. Vimelea wote wamekufa! Anapiga kigelegele. Mtafiti mkuu anamkumbatia dereva aliyekuwa akipita zake.

Kisha Mlezi anatazama safu ya pili, isiyotiwa chochote. Humo lazima wawe hai.

Wamekufa pia.

“Nikakimbilia daftari la damu,” anasema.

Basi kilichoua kimo kwenye damu, na damu ya wiki hii ilitoka kwa dereva.

“Shemeji, ulimeza dawa?” Mlezi anamuuliza.

“Dawa gani? Vile vidonge vya malaria vya juzi? Si vya kujikinga tu! Mimi chuma, siumwi.”

Hakuna anayecheka. Majimaji yamebaki ya jaribio moja tu, na bakteria mwenyewe, tangu atengwe na udongo wake, amegoma kutoa mengine. Likiharibika na hili, miaka miwili ya kazi imekwenda na maji.

Mlezi anampigia wifi yake.

“Damu yangu? Ikanenepeshe malaria? Wifi, umerogwa!”

Lakini anakuja, uso ameukunja, mkono ameunyoosha.

Siku tatu baada ya vimelea wa akiba kulishwa damu yake, safu isiyotiwa chochote inachezacheza kwa uhai. Safu ya bakteria, kimya. Mlezi anatazama tena, na tena.

“Nimewaona wauaji wa mwanangu wazima, nikafurahi,” anasema, akijishangaa. “Dunia hii!”

Dawa bado iko mbali: panya kwanza, watu baadaye. Kwa sasa anapanga kumbembeleza mgomaji. Atamchanganya na vijidudu wengine wa udongo uleule.

“Ile sumu alikuwa akiwatilia majirani zake,” anasema. “Sisi tukamfungia chumba cha peke yake, safi, chakula tele. Sasa agombane na nani?”