Bomba Lililofika Italia

Upepo wa Lodwar una chuki na mimi binafsi, na sisemi hivi kwa utani. Kila niliposimamisha lile bomba juu ya paa, lilikaa mpaka alasiri, kisha upepo ukaja ukalibwaga juu ya mabati kwa kishindo, na jirani yangu akatoka kuangalia kama mimi bado mzima.

Bomba lenyewe lilikuwa la alumini, refu, antena ya redio yangu ya mawasiliano. Mke wangu alikuwa Kakuma, muuguzi wa mkataba, na mkataba ulikuwa unakaribia kwisha. Alitakiwa kuamua kama ataongeza au atarudi nyumbani. Mimi nilitaka arudi. Simu tulikuwa nazo, lakini kwenye simu sisi hatuongei, tunakatizana. Anaanza, namdakia, naanza, ananidakia, mwishowe mmoja anakata. Redio haina mchezo huo. Ukishabonyeza kitufe, mwenzako hana la kufanya ila kusikiliza mpaka useme "ova". Leseni tuliisomea pamoja tukiwa wachumba, na niliamini kabisa kwamba nikimpata hewani atanisikiliza mpaka mwisho, kisha atafungasha.

Nikamwita fundi.

"Ejok," alinisalimu kwa Kiturkana, akilitazama paa. "Mwalimu, hii ni ya kuona mpira?"

"Ni ya kuongea na mke wangu, kule Kakuma."

"Si upige simu tu?"

Nilimwambia apande.

Jioni hiyo niliita, akanijibu mtu wa Italia. Sauti yake ilikuwa safi, hata akaisifu antena yangu. Kesho yake nikapata Mrusi. Kakuma, mahali ambapo gari likitoka hapa asubuhi linafika kabla ya chakula cha mchana, kimya. Nilimpigia mke wangu simu nimuulize kama redio yake imewashwa.

"Imewashwa," alisema. "Lakini wewe, hilo bomba..."

Nikamwambia bomba halina kasoro, limefika Italia. Akakata.

Fundi alisema Kakuma iko mbali, lazima bomba liende juu zaidi, nami nilikuwa na hasira kiasi cha kumkubalia. Tukaliongeza urefu, mabati yakituunguza magoti. Safari hii upepo ulilikunja bomba lenyewe na kung'oa bati la jikoni. Fundi alikusanya vifaa vyake, akaniambia hiyo kazi sasa ni ya Mungu.

Nilibaki na waya wa shaba tu. Nikaukata vipande viwili, nikavifunga vikiwa vimelala, kutoka ukingo wa paa hadi mwarobaini wa jirani, chini kiasi kwamba jirani aliuliza kama ni kamba ya kuanikia. Nikamjibu aanike tu, angalau utamfaa mtu. Kisha nikawasha redio bila imani yoyote, nikaita.

"Nakupata vizuri sana," alisema mke wangu, utadhani yuko chumba cha pili. "Umeilaza antena. Wiki nzima nataka kukuambia uilaze. Bomba likisimama linarusha sauti mbali, sisi wa karibu tunarukwa. Ova."

Nikabonyeza kitufe, nikatoa yote: upepo, magoti, bati la jikoni, Mwitaliano na sifa zake, nyumba ilivyo tupu, nimechoka, arudi. Hakunikatiza hata mara moja. Nikasema ova.

"Nimekusikia," alisema. "Sasa nisikilize. Mkataba nimeongeza, nimeshatia sahihi, lakini nilikuwa nafikiria..."

Nilibonyeza. Nikasema anawezaje kutia sahihi bila kuniuliza, nikasema mengine ambayo majirani waliyasikia bila redio. Yeye hakusikia hata neno, kwa sababu kitufe chake kilikuwa bado kimebonyezwa, na mimi nikibonyeza changu sisikii kitu. Nilipoachia, nilikuta ndio anamalizia.

"...kama na wewe utakubali. Ova."

Sikujua ninatakiwa kukubali nini. Nikamwomba arudie tangu mwanzo, kisha nikaiweka maiki na kitufe chake mbali, mwisho kabisa wa meza, nikaikalia mikono yangu.