Walipokuja Kumuomba Radhi Mwanangu

Mimi ni muuza samaki. Asubuhi hununua mnadani Tumbe, mchana hukaanga mbele ya nyumba yangu Wawi, na sijawahi kukubali bei ya kwanza ya mtu yeyote. Tabia hiyo imesemwa sana. Nilipovuka bahari kwenda kwa daktari Dar es Salaam nilikwenda nayo, maana sina nyingine.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Goti lilimvimba, tukadhani kaanguka, kumbe ni saratani ya mfupa. Walimtoa kipande cha uvimbe kwa sindano nene, wakakitia dawa za rangi ili wakisome, kisha daktari akaniita peke yangu. Akanieleza kwamba atatundikiwa dripu za dawa kwa miezi kadhaa, halafu mguu utakatwa juu ya goti. Akasema wametafuta protini fulani ndani ya uvimbe ule na wameikuta kwa wingi, nayo si alama ya kupendeza. Watoto walio nayo hivyo, ugonjwa huwarudia zaidi kuliko wenzao.

"Alama hiyo inasema wangu atakufa?"

"Haisemi hivyo, mama. Inatupa habari za watoto wengi kwa pamoja. Ya mtoto mmoja haiwezi kuijua."

"Basi wangu mweke na wale wanaopona."

Alinitazama vile wanavyonitazama wanadi wa Tumbe. Akasema watajitahidi.

Tulipewa siku chache turudi nyumbani kujitayarisha. Nikamweleza dada yangu mkubwa yote, kwa siri, na siri kwa dada yangu ni maji ndani ya tenga. Kesho yake alasiri akaingia bi mkubwa wa nyumba ya jirani, akaketi kitandani kwa binti yangu na kumshika mkono.

"Mwanangu, niwie radhi. Kama kuna siku n'likutolea maneno, n'samehe."

"N'shakusamehe, bibi."

Kwetu anayekaribia kuondoka duniani huombwa radhi, asiende na kinyongo na mtu. Ni jambo jema, nami nimewafanyia wazee wangu. Lakini huyu alikuwa mtoto, na mapajani ana daftari la hesabu. Wakaja shangazi zake. Wakaja mama za wenzake wa skuli. Akaja hata yule aliyewahi kumfukuza na fagio kwa ajili ya mapera. Binti yangu aliwasamehe wote kwa adabu, na kila aliyetoka alimwacha kimya zaidi.

Magharibi alikataa kula.

"Mama, mie sendi Dar."

"Huendi kwa nini?"

"Watu wote washan'aga. Kama n'kufa, n'fe hapa, na miguu yangu yote miwili."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Nje walikuwa wanakuja wengine wawili, buibui zao zimeshafika uani. Nikasimama mlangoni.

"Rudini! Mtoto huyu hajafa, wala hajaanza kufa!"

"Yarabi, watutia aibu, we," dada yangu akasema, amejifunika uso kwa mtandio.

"Nawatia, na kesho wakija n'tawatia tena."

Nikafunga mlango, nikaketi na binti yangu, nikamwambia kila kitu, hata lile la protini ambalo nilikusudia asilijue. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwa daktari. Alinisikiliza huku akilishika goti lake.

"Kwa hivyo wenye hiyo protini wengine hupona?"

"Hupona."

"Na mie?"

"Hakuna ajuaye. Ndiyo maana twenda."

Kisha akasema nimletee wali, na samaki asiwe na miba.

Miezi ya dripu ilikuwa mibaya. Nywele zilikwisha, mdomo ukajaa vidonda, na kuna siku alinichukia waziwazi, nami nikamwacha anichukie maadamu dawa inaingia. Mguu ulipokatwa waliukagua uvimbe, na daktari akaniambia sehemu kubwa ilikuwa imeshakufa kwa dawa kabla ya kisu. Hiyo nayo ni alama, tena njema. Ile ya protini iko palepale, haifutiki.

"Sawa," nikamwambia. "Sasa tunazo mbili."

Tuliporudi Wawi, bi mkubwa wa jirani alikuja mwanzo kuliko wote, analia tangu njiani. Binti yangu alimngoja mlangoni, amesimama kwa magongo.

"Bibi, ile radhi yangu n'rejeshee. Bado n'na kazi nayo."

Bi mkubwa alicheka na machozi yake, akamshika mkono na kusema, "Shika, mwanangu, n'shakurejeshea." Mimi nilikimbilia kwenye karai langu, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Dar, na samaki wa mchana ule wakaungua wote.

Kila baada ya miezi michache tunavuka tena kwenda kupigwa picha ya kifua, kutazama kama ugonjwa umerudi, maana huu hupenda kurudia mapafuni. Usingizi hunipaa wiki nzima kabla. Yeye huzunguka mtaani na magongo yake kuaga, nyumba kwa nyumba, na hakuna tena anayemuomba radhi. Humwagiza vitu. Safari iliyopita bi mkubwa alimwagiza kanga, akamsisitizia kwamba akimletea ya rangi ya manjano atamrudisha nayo hukohuko Dar.